Padri Alipouliza Kama Tusubiri

Mke wangu mdogo Anjela,

Huku Kakese tu wazima, ila nyumba imekuwa kimya mno tangu bibi yako atutoke. Unauliza kama padri aanze ndoa yenu saa nne kamili hata basi la mama yako likichelewa, maana ratiba imebana.

Siku yetu, kule Mpimbwe, padri alikuwa anafika kigangoni mara chache kwa mwaka. Mama wa bibi yako alikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa.

"Bwana harusi, tusubiri?" padri akaniuliza.

Bibi yako akaninong'oneza, "Subiri kidogo, mama yuko njiani."

Niliona haya mbele za watu. Nikasema, "Tuanze tu, Baba."

Mama alifika tukiwa tunatoka kanisani, kanga zimelowa mpaka kifuani. Akapiga kigelegele kimoja, peke yake.

Bibi yako hakunilaumu hata siku moja. Lakini wiki ile ya mwisho, homa ilipompanda, aliniuliza, "Mama amefika?"

Nikamjibu, "Bado. Tunamsubiri."

Akatulia.

Zungumza na padri mapema, mke wangu.

Babu yako