Kioo cha Rubani

Jumamosi, 7 Septemba 2024

Baba hataki kuniozesha. Siyo kwamba hamtaki mchumba wangu Haitham. Anampenda kuliko anavyonipenda mimi, wakikaa wawili hao ni ndege tu, ndege tu! Ni mikono.

Leo Ami Mabruki kaja kupanga mambo ya nikaha yangu, Ijumaa ya kwanza ya Oktoba. Nikawa nyuma ya pazia nasikiliza — na nani asiyesikiliza? Baba akamwambia mdogo wake: Ijumaa hiyo utaozesha wewe, nshakufanya wakili wangu. Katika ukoo wetu hapa Konde hakuna baba aliye hai aliyemwachia mwengine kumshika mkono bwana harusi. Babu aliozesha ana homa, kabebwa mpaka msikitini.

Nikamfuata Baba chumbani. Akautoa mkono wa kulia, alikuwa kaukalia. Unacheza wenyewe. Daktari wa Chake Chake keshasema: maradhi ya ubongo, yanatulizwa, hayaponi. "Msikiti mzima utautazama mkono huu," akasema. "Watasema mimi, Ahmada, nimerogwa. Siku ya harusi yako watu wazungumze uchawi!"

Mtu huyu kazi yake ilikuwa kusimama kwenye kiwanja cha ndege cha Chake akiziita kwa mikono zikishatua: njoo, njoo, hapo hapo, simama. Alipostaafu akaanza kuunda za plastiki, hizi zinazokuja vipande vipande ndani ya boksi. Ya mwisho iko mezani, nusu, ina vumbi. Akaninyooshea kidole, nacho kinatetemeka. Vipande vyote nimsaidie, kasema, isipokuwa kimoja: kioo cha rubani. Akikibandika mwenyewe, bila ya kushikwa na mtu, basi atamshika mkono Haitham. Akishindwa, Mabruki. Na nisimbembeleze.

Sharti gani hili, jamani! Ndoa yangu imekwenda kuning'inia kwenye gundi!

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeshinda kwenye simu, bando limeteketea. Kumbe wapo watu dunia nzima kazi yao kubandika ndege, tena wanagombana! Nilichokusanya: vipande vioshwe kwanza kwa maji ya sabuni, vinatoka kiwandani na mafuta, rangi haishiki. Usikivunje kipande kwa mkono kutoka kwenye fremu yake. Kata mbali kidogo, kisha punguza kwa wembe, kisha msasa. Jaribisha kavu kabla ya gundi. Rangi nyembamba mara nyingi, siyo nzito mara moja.

Nikamsomea Baba kwa fahari. Akaniuliza kama nimefika darasa la ngapi, maana hayo yote yameandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeharibu. Wallahi nimeharibu.

Jana nimezipaka mbawa rangi, zimetoka nzuri hasa. Asubuhi bado zinanata. Uani Mama keshatandaza majamvi, karafuu zimeanikwa, jua kali. Mimi mtoto wa Pemba, kitu kibichi kinanata, nifanye nini? Nikazianika! Nikazilaza pembezoni mwa jamvi, nikazigeuza na karafuu kila nilipopita, tena kwa bidii. Adhuhuri nakwenda kuziangalia: moja imejikunja kama papa mkavu.

Nikampelekea Baba. Akaitazama. Kisha akacheka! Akacheka mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko. "Karafuu daraja la kwanza," akasema. Sijamsikia akicheka tangu Ramadhani.

Akanielekeza: maji ya moto, yasichemke, litie bawa, likilainika linyooshe juu ya kioo bapa, kisha maji baridi. Mikono yangu, maneno yake. Limenyooka. Karibu.

Jumanne, 17 Septemba

Asubuhi nimemkuta anahangaika na vifungo vya shati. Nikanyoosha mkono. Akaupiga. Siyo kwa nguvu, lakini kaupiga.

Nimekwenda kulia chooni.

Jumapili, 22 Septemba

Mbawa zimekaa, mkia umekaa, magurudumu yamekaa. Kimebaki kioo. Na mimi, mwerevu mkubwa, nikaona bora ndege iwe na gundi inayoshika haraka, ili Baba asilazimike kungoja na mkono wake. Nikanunua supaglu pale sokoni. Nikajaribia tone moja kwenye ukingo wa kioo, nione tu.

Kikafanya ukungu! Kioo kizima cheupe, kama jicho la mzee. Nikarudi kwenye simu mbio. Naam, kila mtu anajua isipokuwa mimi: supaglu inatoa mvuke, plastiki angavu inapofuka. Kioo kibandikwe kwa gundi nyeupe ya maseremala, inakauka taratibu na haionekani.

Nimekisugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha pamba mpaka vidole vimekufa ganzi. Kimerudi, ila kona moja. Nimemwambia Baba. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Kasema tu, "Huna haja ya kunitafutia njia ya mkato, mwanangu. Mkono ndio huu."

Jumamosi, 28 Septemba

Nimetafuta sasa mambo ya mikono. Watu wenye maradhi kama yake wanaunda, nimewaona kwa macho yangu! Viwiko vyote juu ya meza. Kibanio cha kushikia vipande kizungushiwe kitambaa kiwe kinene. Mfuko wa mchanga juu ya kifundo cha mkono, uzito unatuliza. Pumua nje ndiyo uweke. Nimeushona mfuko mwenyewe, nimejaza mchanga wa pwani ya Msuka, Haitham kauleta. Nimemwambia ni wa maua. Hajui kitu masikini, anajua tu mkwewe ana ndege.

Leo Baba kakijaribu kioo, kavu. Jaribio la kwanza, kimeanguka. La pili, kimeanguka. Nikaondoka nikasimama ukumbini, nikachungulia: kakiweka! Bila ya gundi, lakini kakiweka, kimekaa pahala pake. Nikapiga kelele nikaingia, na mkono ukaanza tena, kikaruka.

Basi hivyo. Akitazamwa unacheza zaidi. Na msikitini watamtazama wote. Sina mbinu ya hilo. Hakuna aliyeiandika popote.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kesho baada ya Alasiri ndiyo nikaha. Nyumba imejaa wanawake uani, masufuria, makelele. Mimi niko ukumbini juu ya godoro, miguu yote miwili na mkono wa kushoto vimetiwa hina, mbichi mpaka magotini. Mardhiya, mpakaji, kenda kula. Mkono wa kulia atarudia, kwa hiyo naandika. Mama kala yamini: nikikanyaga chini nikaharibu, ananipaka yeye mwenyewe kwa mwiko.

Mlango wa Baba uko wazi. Namuona mgongo. Katia gundi. Mfuko wa mchanga uko pale. Ami Mabruki yuko barazani, kaja kuchukua jibu, namsikia anakohoa makusudi.

Natazama ukuta. Nimeamua kutazama ukuta.

Kimeanguka. Nimesikia mlio wake, tik. Anainama. Anapapasa sakafuni — si huko, Baba, nyuma ya kiti! Nimemwambia. Kakipata. Kakifuta kwa shati. Ya Rabbi.

Tena. Tik.

Ami anauliza huko nje: kaka, vipi? Mabega ya Baba yanapanda yanashuka. Kama analia sijui, sijawahi kumuona akilia, sijui mabega yake yanakuwaje. Na mimi nimekaa na miguu juu ya mto kama kuku wa kuchinjwa! Nimwite Mama? Atakuja na wanawake wote. Nimwambie Ami sharti limeshindwa? Si langu la kusema.

Kakiokota tena. Hakukiweka. Anakishika tu, kinatikisika hewani, mwanga unarukaruka ukutani.

"Ruweida."

Nimesema naam.

"Njoo unishike mkono."

Nimemwambia: Baba, sharti? Kasema, "Najua nilichosema. Njoo, gundi inakauka." Hakugeuka. Nimetazama miguu yangu, nimetazama jamvi jeupe la Mama kutoka hapa mpaka mlangoni.

Nshateremsha mguu mmoja.