Kitanda Chako Kimekwenda Pujini

Mama,

Assalamu alaykum huko ulikolala. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mkeka chumbani kwako, hapa Tibirinzi, kwa sababu kitanda hakipo tena. Nimekitoa. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu kabla ya mengine yote.

Nimechoka, mama. Watu waliniambia khitma ikimalizika nitapumzika, na kweli kazi imepungua, lakini uchovu haujaondoka. Nikimaliza kufundisha chuoni bado natoka mbio, nampita muuza samaki bila ya kusimama, nafika mlangoni ufunguo nishautoa, ndipo nakumbuka hapana anayeningoja. Mwanao Khamis, mume wangu, anapiga simu kutoka Maskati. Huniuliza kama nimekula, nami humwambia nimekula. Siku nyengine huwa kweli.

Mwanzo hukunipenda, tuseme ukweli. Niliolewa nikiwa nafundisha ufundi wa mitambo, na nilikusikia nikiwa jikoni ukimuuliza mwanao, "Mwanamke gani huyu ananuka girisi?" Tukaishi miaka kwa salamu na adabu, mavyaa na mkamwana wake. Halafu kiharusi kikakupiga, upande wako wa kushoto ukafa, Khamis yuko mbali, tukabaki wewe na mimi.

Kukuosha hakukunipa tabu, wala kukugeuza. Kilichoniumiza ni kwamba kila nilipokutia mikono kwapani nikuinue, ulisema, "Nisamehe, mwanangu." Uji, nisamehe. Dawa, nisamehe. Siku moja ukataka nikukalishe usali, nikakwambia sala inafaa hata ukiwa umelala. Ukanijibu, "Najua. Lakini mkono mmoja ninao, mzima. Nataka nikae."

Ndipo nikachora kitanda, nyuma ya kalenda ya zamani. Ulikiangalia kile kichoro ukakunja uso. "Kitanda kiko wapi hapo? Mie naona mistari na viduara." Nikakwambia kila mstari ni chuma, kila kiduara ni pini inayoshika chuma kwa chuma. Mchoro kama ule hauonyeshi kitanda kilivyo, unaonyesha kitakavyokwenda.

Nikaweka kijiko juu ya sinia, nikakwambia kisogeze. Ukakipeleka mbele, ukakipeleka upande, ukakizungusha. Huo ndio uhuru wake, nikasema, wa namna tatu. Chuoni tunaziita digrii za uhuru. Ukikipiga pini kwenye sinia, pini inachukua mbili, kinabaki kuzunguka tu. Kitanda chako kina vyuma vitatu vinavyokwenda: mpini wa kuvuta, fito la kuunganisha na egemeo la mgongo. Fremu yenyewe imetulia, haihesabiwi. Vyuma vitatu vina uhuru tisa. Pini nne zinachukua nane. Unabaki mmoja, kupanda na kushuka, na huo mmoja utakuwa mkononi mwako. Ukakizungusha tena kijiko. Kisha ukasema, "Mmoja unanitosha."

Hamad, mwanao mdogo, akakichomea kule kwenye karakana yake. Kilipokuja hakikuinuka. Alivuta yeye, nikavuta mimi, mpini ukaanza kupinda. Nikachungulia chini nikaona ameongeza chuma, kutoka katikati ya egemeo hadi kwenye fremu, pini huku na pini huku.

"Shemegi, nilihofu," akasema. "Vyuma vile vyembamba. Mama akianguka je?"

Sikuweza kumkasirikia. Nikauchora mstari wake kwenye kalenda: vyuma vinne sasa, uhuru kumi na mbili, na pini sita zinachukua kumi na mbili zote. Wewe ulikuwa umelazwa kwenye godoro chini, unatusikiliza. Ukauliza, "Kwa hiyo hakibakiwi na kitu?" Nikasema hakibakiwi. "Basi Hamad, kitoe chuma chako, baba. Nishalala kutosha."

Akakikata akiwa amenuna, akaongeza unene wa fito badala yake. Tukakupandisha. Ukaushika mpini kwa mkono wako wa kulia, ukavuta, mgongo ukapanda taratibu mpaka ukafika usawa wa dirisha. Ukaangalia nje, ukasema, "Ng'ombe wa nani yule kwenye muhogo wangu?"

Tangu siku ile sikukusikia tena ukiniomba msamaha. Na asubuhi uliyofariki nilikukuta umekaa, umejiinua mwenyewe, tasbihi imeangukia mapajani.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Wiki hii alikuja mwanamke kutoka Pujini, Asha jina lake. Mumewe, Faki, ameanguka kwenye mkarafuu, miguu haifanyi kazi, mikono mizima. Asha amesikia habari za kitanda. Nikamwambia nitafikiri. Sikutaka kufikiri, nilitaka aondoke. Hakunisihi. Alikigusa kitanda, kisha akasimama ameukamata mgongo wake kwa chini, kiunoni, amejipinda kidogo upande mmoja. Nikakijua kisimamo kile. Ndivyo ninavyosimama mimi mpaka leo.

Hamad alikataa. "Cha mama hicho." Nikamwambia kitu kimoja tu, kwamba huko Pujini yupo mtu anainuliwa kila siku kama ulivyokuwa ukiinuliwa wewe. Akatoka akakaa barazani. Baadaye nikamsikia anatafuta spana.

Kule Pujini chumba cha Faki ni chembamba, mpini ukawa unagonga ukuta, na yeye mwenyewe ni mtu mzito. Nikachora kwa kijiti uani, kwenye mchanga: tuuhamishe mpini upande wa pili na tuurefushe. Hamad akachuchumaa mbele ya mchoro, nikaona midomo inakwenda, anahesabu. "Pini nne vile vile," akasema. "Unabaki mmoja." Akaenda kuchomea kwa fundi wa jirani, akarudi na mpini mrefu.

Tukampandisha Faki. Hakutuangalia. Tangu aanguke, alivyotuambia mkewe, hasemi isipokuwa akiulizwa. Akaushika mpini kwa mikono miwili, akavuta, akapanda. Akashuka. Akapanda tena, akabaki pale juu, jasho linamtoka, anakiangalia chumba chake kama mgeni. Kisha akamgeukia mkewe.

"Asha, nenda kalale."

Asha akasema uji bado, nguo bado. Faki akasema, "Nenda. Nikikutaka nitakaa mwenyewe nikuite." Mwanamke akatoka. Tulipokuwa tunakusanya vifaa tulimpita kwenye ukumbi, ameegemea ukuta, mtandio usoni, usingizi umemchukua hata chumbani hajafika. Hamad alilibeba sanduku la spana mikononi mpaka nje, lisije likalia.

Tukarudi Tibirinzi. Nimefika nimekifagia chumba chako, nimefungua dirisha. Sijui nitakitia nini. Leo hakinihimizi.

Nakuaga sasa, mama. Nakuahidi nitakwenda Pujini kuzitia pini mafuta, na nitamwangalia Hamad wako asikae peke yake sana. Akija mwengine kuomba kitanda, nitachora. Lakini si kesho. Kesho ni Jumapili, nitamwambia Khamis asinipigie mapema, nami nitalala mpaka jua liingie ndani. Mwenyezi Mungu alikunjue kaburi lako, upate nafasi ya kila upande.

Mkamwana wako,
Raya