Supu Yangu na Mguu wa Mama Njeru

Jumatano, mjini Meru. Manyunyu tangu alfajiri, na roho yangu imelowa kuliko barabara.

Leo nimepewa somo. Mimi niliyefika Kampala na Moyale, mimi ambaye bucha yangu inaitwa Afya.

Mama Njeru huniletea mbuzi kutoka Kiritiri. Ananiita Haji, ingawa Makka naijua kwa picha tu. Mwiba ulimchoma mguu, kidonda kikakataa kufunga. Mimi, daktari wa darasa la saba, nikaamua damu yake inataka nguvu. Kila akija nilimpa bure bakuli la supu, mafuta yakielea juu, na soda mbili. Alipozidi kunenepa nikamsifu mbele ya wateja: "Mama Njeru, sasa una afya!"

Huku ndivyo tunavyosema. Kitambi ni afya.

Leo kidonda kilinuka. Nikafunga bucha, nikampeleka kliniki. Sukari ilikuwa juu sana. Nesi alisema huenda ilianza zamani, lakini soda zangu ziliisukuma. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma.

Akatueleza kwamba mwili una askari wake wa kwanza, na wengine wanaishi ndani ya mafuta. Mafuta yakizidi, wanadhani kuna vita, wanawasha moto. Moto huo unafanya mwili usiisikie insulini, ile inayofungulia sukari mlango wa kuingia kwenye nyama. Basi sukari inajaa kwenye damu, na ikijaa, askari nao wanavurugika. Badala ya kusafisha kidonda wakiache kipone, wanabaki palepale wakipigana.

Kumbe bakuli langu lilikuwa linawalewesha askari hao.

Nesi alisema wao pale kliniki wataupigania mguu. Hakuahidi. Nimekata miguu ya mbuzi isiyohesabika bila kupepesa jicho. Nikaangalia ule mmoja, nikafumba macho.

Nikamwomba msamaha. Akacheka: "Wee Haji, ulinipikia kwa roho safi. Lakini ukiniambia tena nina afya, nakuuzia mbuzi kwa bei ya ng'ombe!"

Nilicheka pia, halafu nikageukia ukuta nijifute macho.

Ijumaa atarudi kubadilishwa bandeji. Nitampeleka mwenyewe, na ndengu za chakula chake nitapika mimi, bila tone la mafuta ya mbuzi. Akishuka tu kwenye matatu, sitasalimia kitambi.

Nitauliza, mguu umeamkaje?