Kufuli la Mwalimu wa Haki

Shosti, wewe uliyekwepa kipindi leo umekosa sinema ya bure!!

Si unaijua tabia ya Mheshimiwa Mkataba, mwalimu wetu wa haki za binadamu, ya kumwagiza mlinzi atufungie darasa kwa nje, kufuli kabisa, eti wachelewaji wasiingie? Leo tumeshafungiwa, ndipo kaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAKI YA KUTOZUILIWA KIHOLELA.

Kiholela! Na sisi tuko ndani kama kuku!

Mama Kijacho, na tumbo lake lile, akanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba kutoka, nimebanwa."

Unajua kamjibu nini? "Haki zina mipaka yake, bibie. Kaa."

KAA. Anamwambia mjamzito. Na shahada zote zile!

Haukupita muda, tumbo la Mheshimiwa likaanza kunguruma hadi sisi wa nyuma tukalisikia. Jasho likamtoka. Katupa chaki, kakimbilia mlangoni, anagonga kwa ngumi zote mbili. "Fungua! Fungua wewe! Nina haki ya kutoka!"

Mlinzi kule nje, kwa upole wake: "Mwalimu, ulisema nisimfungulie mtu mpaka kipindi kiishe, hata akilia."

Hata akilia, shosti! Ndivyo alivyomwagiza kuhusu sisi!

Akatugeukia, eti tumsaidie kupiga kelele. Tumsaidie nani, yeye? Mama Kijacho, miguu bado kaibana, wala hakuinua macho kutoka kwenye daftari lake:

"Haki zina mipaka yake, Mwalimu. Kaa."

Na kukaa ndiko kulikomshinda.