Kwa Nzanzu David wa Bwera, Ambaye Mwaka Wake Niliuacha Wazi

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ile Jumapili ya kwanza ya Majilio ulipoweka miwani dirishani, ukasema unapumzisha macho kidogo, na hukuamka. Miwani bado iko palepale. Asubuhi jua likiipata, duara mbili ndogo za mwanga hutembea ukutani, polepole, kama mtu anayetafuta kitabu kwenye rafu. Tunazitazama hadi zipotee, kisha Mama anamimina chai.

Amesema tangazo hili la kumbukumbu niliandike mimi, Masika, binti yako mkubwa, kwa kuwa mdomoni sina maneno.

Kwa miaka ishirini na sita ulipanda gari la asubuhi kutoka Bwera kwenda Kasese, kwenye maktaba ya chuo. Watu walidhani kazi yako ni kunyamazisha wanafunzi. Kumbe ulikuwa unahakikisha kila kitabu na kila tasnifu ina jina la mwenyewe, mwaka wake, mahali pake na mada yake, ili mtu wa mbali akiitafuta aipate, na akiitumia amtaje aliyeitolea jasho. "Bila hiyo," ulisema, "maktaba ni stoo tu."

Na huku kwetu kazi hiyo ina ugumu wake, maana jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Kila nyumba ina Masika wake. Kila kilima kina Nzanzu, mtoto wa kwanza wa kiume. Ulikuwa unampigia simu mwandishi aliye Mahango, au hata ng'ambo ya mpaka, kumuuliza tu: "Wewe ni Masika gani? Ulizaliwa mwaka gani?" Mmoja alidhani unataka kumchumbia. Mama alicheka wiki nzima.

Nyumbani nako hukupumzika. Tukisema "watu wanasema," unaweka kijiko chini: "Watu gani? Wa wapi?" Ukipewa avokado unauliza imetoka shamba la nani, halafu unamshukuru mwenye shamba kwa jina, ingawa yuko mlimani na hakusikii.

Baba, kuna jambo sikukuambia hata nilipokuja kaburini.

Januari, chuo kilipofunguliwa na mimi nikakalia kiti chako, ililetwa tasnifu mpya juu ya wanawake wanaokausha samaki Kasenyi. Mwandishi: David Nzanzu. Kompyuta ikaniletea jina lililokuwepo tayari, lako, la kile kijitabu chako kimoja cha tafiti za mashamba ya milimani. Nzanzu, David, 1964, kistari, kisha nafasi tupu inayosubiri mwaka wa mwisho. Siku ulipoiandika ulinionyesha nafasi ile, ukacheka: "Hapa ndipo nilipo bado." Sikuuliza ni Nzanzu gani. Nilikubali tu, na tasnifu ikaingia chini ya jina lako. Ilikuwa kana kwamba umeandika kitu kipya. Mchana ule nilisinzia mezani nikakuona unapita kati ya rafu, ukungu umekufika magotini, umebeba samaki wakavu kwa mikono miwili, unatabasamu.

Lakini maktaba nyingine hunakili rekodi zetu. Kosa la Kasese hufika Kampala kabla chai haijapoa.

Septemba mwenye tasnifu alikuja.

"Dada, pole na Mzee. Yeye ndiye alinifundisha kuandika marejeo. Alinirudisha mara tatu!"

"Asante," nilisema, nikitazama meza.

"Lakini ile kazi ya samaki ni yangu. Nimeomba nafasi ya kuendelea kusoma, wamenijibu mwenye kazi hii alizaliwa sitini na nne. Niangalie vizuri, dada. Mimi niko mzee hivyo?"

Alicheka, ila vidole vyake vilikuwa vinakunja barua. Walikuwa wamempa hadi Ijumaa.

Siku hiyohiyo nilimfungulia rekodi yake: Nzanzu, David, 1991, wa Kasenyi. Nikahamishia tasnifu kwake, nikaziandikia maktaba zilizonakili, na chuo alichoomba. Jumatano chuo kile kikajibu: sasa tunaona akina Nzanzu wawili, wote wa kwenu, wote hai. Tasnifu ya mwaka 2025 ni ya yupi?

Jibu lilikuwa moja, nami nililijua. Ulinifundisha kwamba majina mawili yakigongana, unakamilisha rekodi za pande zote mbili. Nilifungua rekodi yako, nikaitazama ile nafasi tupu, nikaifunga. Nikaifungua tena, nikaifunga.

Alhamisi jioni nilimwambia Mama. Aliacha kuchambua maharage.

"Samaki? Ule bwana yangu alikuwa naogopa maji hata ya beseni! Masika, rudishia mwana wa watu kazi yake."

Akarudi kwenye maharage, kisha akasema polepole: "Andika tu, mutoto yangu. Kuandika haiko kitu ya kuua mutu."

Ijumaa asubuhi, ukungu ukiwa bado umeegemea dirisha la maktaba, niliandika 2024. Nilidhani nikiandika utatoka humo. Nilipofungua tena ulikuwepo, wewe na kijitabu chako, hukuchanganyika na mtu. Nilikaa nawe kidogo. Kisha nikawajibu wale wa chuo kwamba wa Bwera alikwisha pumzika mwaka uliotangulia, na samaki ni wa yule wa Kasenyi.

Wamemchukua, Baba. Alipiga simu akipiga kelele hadi nikaisogeza mbali na sikio, kisha akauliza kwa upole kama naye anaweza kuwa kwenye tangazo hili.

Jumapili hii tutakuombea misa hapa Bwera, halafu tutakula avokado, na tumekwisha uliza ni za nani: ni za Kusiima.

Wanaokukumbuka ni mkeo Zerida. Sisi watoto wako, Masika Elise, Xavier na Sylvie. Dada yako Consolée kule Butembo. Wenzako wote wa maktaba. Na, kwa ombi lake mwenyewe, Nzanzu David wa Kasenyi, aliyezaliwa 1991.

Daima tutakukumbuka, Baba, na mtu akiuliza ni Nzanzu gani, tutamwambia.