Swali la Mathe kwa Kiema

Maurine, nimeaibika vibaya sana.

Leo lunch kwa mathe, Woodley, ndugu yangu Kiema, yule wa jeshi, alisema, "Mtakuwa tu sawa bila mimi." Nikacheka! Nikamwambia, "Soja mzima unataka kubembelezwa?"

Nilicheka, Maurine. Mbele ya bibi yake.

Mathe hakucheka. Akamuuliza polepole, "Kiema, unafikiria kujiua?"

Nilitaka kumnyamazisha mathe, ati anamwekea mawazo mabaya. Kiema akamjibu mama yetu, "Ndio, mwaitu. Tangu nirudi kutoka Somalia." Akalia hadi akashindwa kukaa kwa kiti.

Sasa tuko hosi, daktari amemwona, analazwa. Nimemwomba msamaha. Amenishika mkono akasema, "Usijali. Hata kambini mtu akisema hivyo, sisi hucheka."

Hiyo ndio imenimaliza.