Mwenyekiti wa Kura Chache

Kirua Vunjo,
14 Septemba 2025.

Mpendwa Shangazi Hellen,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Baridi ya Njombe inakutendeaje? Goti limepungua kuuma? Sisi wazima, mama anakohoa kidogo tu, na yule ng'ombe mweupe kazaa jike.

Shangazi, nimekuwa mwenyekiti wa umoja wa mfereji wetu wa maji. Najua utacheka, maana enzi zenu mwanamke hakuruhusiwa hata kukanyaga kwenye banio, pale tunapoyakinga maji ya mto. Ila usipige vigelegele bado. Nimeshinda, na wengi hawakunichagua.

Ni hivi. Vitongoji vyetu vitano, kiwe kikubwa kiwe kidogo, kila kimoja kina sauti moja. Vitatu vya huku juu nilivipata kwa kura chache chache. Viwili vya chini, ndiko kwao Filemon, mwenyekiti niliyemtoa, na ndiko kwenye watu wengi, alinifagia. Ukihesabu vichwa, yeye ana zaidi ya mia mbili; mimi sikufika mia na hamsini.

Filemon alisimama akafoka, "Huu ni wizi! Ajiuzulu leo hii!" Watu wa chini wakashangilia. Mzee Yakobo, aliyekuwa mwenyekiti kabla ya Filemon, akamuuliza, "Kanuni hii si wewe uliyeileta, ili unitoe mimi?" Filemon akakaa.

Hata mume wangu Mathew aliniambia, "Mama Violet, achia tu. Tunaishi na watu." Nilikataa. Miaka yote ya Filemon wajane wamepewa zamu ya maji usiku, huku nyanya za rafiki zake zikinywa mchana kutwa. Niachie ili iweje?

Jumatatu nilipanda banioni na jembe langu, nikafungua maji yashuke kwa walewale walionikataa. Ndelilio, mjane aliyempigia Filemon kampeni nyumba kwa nyumba, alimwagilia migomba yake jua likiwaka. Hakunishukuru. Alinitazama tu, akaendelea kuchepusha maji.

Mwezi ujao naitisha mkutano tubadili kanuni: kila mtu kura yake, zihesabiwe pamoja, kisha tuchague upya. Wengi wakinitoa kwa kura, nitatoka. Kwa kelele, sitoki.

Nisalimie Eliona na watoto, na binamu Calvin akirudi safari. Mama anakutaja kwenye rozari kila jioni. Mungu akushike mkono, na mvua ya huko isikukawie.

Mimi mwanao, nikupendaye na ukaidi wangu wote,
Salvina